Foleni za kipaumbele kwenye swichi: watu wanavyoamini na hali halisi

Watu wanasema ukiweka kipaumbele kwenye swichi (kile kifaa kinachounganisha kompyuta na foni za ofisini) neti inaongezeka spidi. Haiongezeki hata kidogo. Poti ya gigabiti 1 itabaki gigabiti 1, foleni (mstari wa data inayosubiri kutoka kwenye poti) inachoamua ni nani atoke kwanza pale poti inapoelemewa, na ukimtanguliza mmoja basi ujue kuna mwingine umemchelewesha. Kama hakuna msongamano hizo setingi zimekaa tu, hutaona tofauti.

Alafu kuna hii ya "poti yangu inatumika asilimia 20 tu, foleni za nini?" Hapa ndo wengi wanapotea maana ile grafu ni wastani wa dakika kadhaa. Ndani ya hizo dakika kompyuta tatu zenye gigabiti 1 kila moja zikimwaga data kwa pamoja kuelekea poti moja ya gigabiti 1, bafa (sehemu ya swichi inayoshikilia data inayosubiri) inajaa ndani ya milisekunde chache, pakiti (vipande vya data) zinadondoka, sauti ya simu inakatakata na grafu yako bado inaonyesha mambo shwari. Usibishane na grafu, fungua kaunta za pakiti zilizodondoshwa kwa kila foleni, jibu liko pale.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la kupandisha kila kitu foleni ya juu. Foleni ya kipaumbele kamili inahudumiwa mpaka iishe ndo wengine waguswe, sasa ukitupia bakapu humo foleni za chini zinakaa njaa. Iache kwa sauti. Simu moja ya G.711 (njia ya kawaida ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, yani hata simu 100 hazifiki megabiti 9, kwenye gigabiti hiyo si kitu. Vingine vyote vigawie zamu kwa uzito, tuseme 4 kwa 2 kwa 1, kila mtu apate chochote.

Namba kubwa ya kipaumbele ndo bora? Si mara zote. Kwenye tegi ya VLAN (lebo inayobandikwa kwenye data kuonyesha ni ya kundi gani la mtandao) zipo 0 mpaka 7, ila kwa mpangilio wa kawaida 1 iko chini ya 0, ni ya kazi zisizo na haraka. 6 na 7 waachie swichi na ruta wenyewe kwa mazungumzo yao.

Na wale wa "foni imeshaweka alama 46, kazi imeisha" (hiyo ni DSCP, namba ya kipaumbele ndani ya pakiti yenyewe, na 46 ni ya sauti), subirini kwanza. Poti isiyoamini hiyo alama inaweza kuifuta au kuichukulia kama 0, na fremu (bahasha inayobeba pakiti kwenye swichi) isiyo na tegi haina kabisa ile namba ya 0 mpaka 7, kwa hiyo inabidi ukague kila swichi njiani. Ila usiende kuamini kila poti pia, maana kompyuta yoyote inaweza kujipa hiyo 46. Amini poti za foni, hao wengine waanzie 0. Pakiti ikishatoka kwenda intaneti usitegemee mtu aiheshimu hiyo alama.