Mratibu wa kituo cha masomo naye afundishwe

Malalamiko yanayotufikia sisi tunaopitia mafaili ya ithibati kuhusu vituo vya kusaidia masomo vyuoni yameongezeka, na yanafanana. Mwanafunzi anakwenda kituoni na zoezi la hesabu, mkufunzi rika, yaani mwanafunzi mwenzake anayemfundisha, analifanya lote kwa kalamu yake mwenyewe, mwanafunzi anaondoka na majibu sahihi. Mtihani ukifika, swali ni lile lile, namba tu zimebadilishwa, na linamshinda. Uongozi ukiulizwa, hujibu kwamba wakufunzi wote walihudhuria semina na wana vyeti. Hatuna shaka jibu hilo hutolewa kwa nia njema. Sisi tunachotaka kujua ni nani aliyewahi kukaa pembeni akamtazama mkufunzi huyo akiwa kazini, na je, huyo mtazamaji alifundishwa kutazama?

Mara nyingi hakuna. Mratibu huteuliwa kwa sababu ni mhadhiri mzuri, au alikuwa mkufunzi hodari enzi zake. Anakabidhiwa funguo, ratiba na bajeti, basi. Mafunzo yote yanaelekezwa kwa wakufunzi wake, yeye anabaki kusaini mahudhurio.

Kuna jambo ambalo tumelieleza mara nyingi na bado linakosewa. Chama cha CRLA (College Reading and Learning Association) cha Marekani, ambacho mpango wake wa kuthibitisha mafunzo ya wakufunzi ulianza 1989, hakimthibitishi mkufunzi mmoja mmoja. Kinathibitisha programu ya mafunzo ya kituo, kisha kituo ndicho kinachompa mkufunzi cheti akitimiza masharti. Kwa hiyo kumwandikia barua mkufunzi kwamba “aombe mwenyewe” ni kumpotezea muda. Mratibu anayetaka ithibati yake binafsi ana njia nyingine: chama cha NCLCA (National College Learning Center Association), pia cha Marekani, kina ithibati ya viongozi wa vituo vya masomo yenye ngazi nne, na hiyo ni ya mtu mwenyewe.

Kuhusu saa. Kiwango kilichozoeleka cha CRLA kwa ngazi ya kwanza ni saa 10 za mafunzo na saa 25 za kufundisha. Mafaili mengi tunayoyarudisha hukwama hapa, kwa hiyo tunaomba yasomwe kwa makini yafuatayo. Kila kipindi cha mafunzo kiandikiwe tarehe, mada, saa ya kuanza na ya kumaliza, jina la aliyefundisha na saini ya aliyefundishwa. Kuandika “semina, siku nzima” hakutoshi, maana siku nzima ina chai, chakula na hotuba ya ufunguzi. Saa za kufundisha ni zile ambazo mkufunzi alikuwa na mwanafunzi mbele yake. Saa alizokaa zamu akisubiri mwanafunzi zihesabiwe kwenye malipo, lakini zisiingizwe kwenye ithibati. Faili lenye upungufu wa kawaida hurudishwa likiwa na maelezo. Faili lenye saini zilizojazwa siku moja kwa mkono mmoja halirudishwi kwa marekebisho: hupelekwa kwa uongozi wa chuo kama suala la nidhamu, na vyeti vilivyotokana nalo husimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Hatupendi kufika huko.

Karatasi zikishakaa sawa, kazi yenyewe iko kwenye kikao. Mratibu aliyefundishwa kutazama huangalia kwanza kalamu iko mkononi mwa nani. Ikiwa kwa mkufunzi kwa muda mrefu, kikao kimegeuka kuwa onyesho. Kisha husikiliza ukimya. Mtafiti Mary Budd Rowe alibaini kwamba walimu wengi, baada ya kuuliza swali, husubiri sekunde moja tu au chini yake. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojitolea kujibu huongezeka. Mkufunzi rika ana haraka kuliko mwalimu, kwa sababu ukimya humfanya aone ameshindwa kazi. Kisha kuna neno “nimeelewa”. Mwanafunzi akilitamka, mkufunzi asiyeandaliwa hushukuru na kufunga daftari. Aliyeandaliwa humwambia, “Haya, nieleze wewe hatua ya tatu ilitoka wapi.” Hapo ndipo inajulikana kama ameelewa au amechoka. Mambo haya hayaonekani kwenye fomu ya mahudhurio, na mratibu asiyeingia chumbani hatayajua.

Mfumo wa Supplemental Instruction, yaani vikao vya ziada vya somo vinavyoongozwa na mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu, ulioanzishwa na Deanna Martin mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, ulilizingatia hili. Wasimamizi wa programu hufundishwa wao kwanza, na kutazama vikao ni sehemu ya wajibu wao, hasa wiki za mwanzo. Isitoshe, mfumo huo hulenga masomo yanayofelisha wengi, bila kuwatenga wanafunzi kama “dhaifu”. Vituo vinavyobandika mlangoni majina ya waliofeli vingejifunza mengi hapo.

Kuhusu yanayofundishwa, tunaomba dodoso la “mitindo ya kujifunza”, lile la kupima kama mtu hujifunza kwa kuona, kusikia au kutenda, liachwe. Harold Pashler na wenzake walipitia ushahidi mwaka 2008 na hawakupata wa kutosha kuhalalisha kumfundisha mtu kwa kufuata mtindo wake. Hata hivyo bado tunapokea mitaala ambayo saa mbili kati ya kumi zimetengewa dodoso hilo. Mapitio ya John Dunlosky na wenzake ya 2013 yaliweka kujipima kwa maswali na kutawanya vipindi vya kusoma katika daraja la juu la manufaa, na kupigia mistari pamoja na kurudia kusoma katika daraja la chini. Saa hizo mbili ziende huko.

Tahadhari moja kuhusu maelezo ya vikao. Mratibu anapoandika alichokiona, jina la mwanafunzi anayesaidiwa lisionekane, na mwanafunzi aombwe ridhaa kabla mtazamaji hajaketi. Akikataa, mtazamaji atafute kikao kingine bila kumuuliza sababu.

Vituo vilivyorudishiwa mafaili havihitaji kuanza upya. Saa zilizothibitishwa zinabaki kama zilivyo. Kinachodaiwa ni maelezo ya vikao vilivyotazamwa, jina la mratibu aliyevitazama, na mafunzo aliyoyapata yeye mwenyewe. Ambaye hajapata mafunzo yoyote aandike hivyo, naye atapangiwa ya kwake kabla faili halijaendelea.