Mali ya Kiongozi Inapokuwa Mikononi mwa Nchi Nyingine

Ibara ya 42 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia ina sentensi moja tu, nayo inamkataza mwanadiplomasia kufanya kazi ya kitaaluma au biashara yoyote kwa faida yake binafsi katika nchi aliyopelekwa. Katibu wa tatu wa ubalozi, kijana anayeanza kazi, haruhusiwi kufungua hata duka la vifaa vya ujenzi katika mji anakoiwakilisha nchi yake. Mkuu wa nchi aliyemtuma anaweza kuwa na hoteli, kampuni ya simu au mgodi katika mji huohuo, na ibara hiyo isimguse, kwa sababu mambo yake yameachiwa katiba na sheria za kwao. Ninafundisha sheria ya kimataifa hapa Dodoma, na kila kundi jipya la wanafunzi hushangazwa na jambo hili kuliko mengine yote: sheria imembana tarishi ikamwacha bwana wake.

Biashara za viongozi zinapotajwa, wengi hufikiria rushwa. Kisheria, rushwa ndiyo sehemu nyepesi. Mkataba mwingine wa Vienna, ule wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba, unairuhusu nchi katika ibara yake ya 50 kuukana mkataba ikiwa mwakilishi wake alihongwa na upande wa pili. Kazi ngumu iko kwenye biashara halali kabisa, iliyosajiliwa, inayolipa kodi, ambayo pengine mwenyewe aliianzisha kabla hajaota kuingia kwenye siasa. Biashara hiyo inahitaji leseni, hati ya ardhi, umeme, nafuu ya kodi na nafasi bandarini, na ikiwa iko nje ya nchi, vyote hivyo hutolewa na serikali ileile ambayo kiongozi anakaa nayo mezani kuzungumzia mpaka, wakimbizi au ushuru. Serikali hiyo haina haja ya kumwahidi chochote wala kumtisha. Yeye anajua, na wao wanajua, leseni yake inaisha lini.

Nitoe mfano wa kubuni wa huku kwetu. Singida na Dodoma ni mikoa ya alizeti, na mkulima wa Mkalama au wa Kongwa anafahamu vizuri kwamba bei ya gunia lake huyumba pale mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yanapoingia nchini kwa ushuru mdogo. Tuseme kiongozi wa ujumbe wetu katika mazungumzo ya biashara na nchi mojawapo kati ya hizo ana kiwanda cha kukamua alizeti. Akishikilia ushuru mkubwa, anamtetea mkulima, na papo hapo anakitetea kiwanda chake. Maslahi yake na ya taifa yanakwenda njia moja, na wapo watakaosema kwamba hapo hakuna tatizo. Mimi naliona tatizo, kwa sababu upande wa pili, ukishajua habari za kiwanda, utaanza kujiuliza kama msimamo ule ni wa Tanzania au ni wa mwenye mashine. Wakidhani ni wa mwenye mashine, wataacha kujadiliana na Tanzania, watamtafutia yeye mbia, mtambo mpya wa kusafishia mafuta, au soko la mashudu. Na hata akikataa yote hayo, siku atakapolegeza msimamo kwa sababu za haki, nani atamwamini, huko ugenini au hapa Kibaigwa?

Kisa ninachokitumia zaidi darasani ni cha Thailand, kwa sababu kilifika mahakamani na ushahidi wake ukachambuliwa kwa kirefu. Thaksin Shinawatra alikuwa ametajirika kwa biashara ya simu na setilaiti kabla ya kuwa waziri mkuu mwaka 2001. Mwaka 2004 benki ya serikali ya nchi hiyo inayogharamia biashara ya nje iliikopesha serikali ya kijeshi ya Myanmar bahti bilioni 4 kwa riba nafuu. Myanmar ilikuwa imeomba bilioni 3. Kiasi kiliongezwa kwa maelekezo ya waziri mkuu, na sehemu ya fedha hizo ilitumika kununua vifaa na huduma za kampuni ya setilaiti iliyokuwa mali ya familia yake. Kwenye makaratasi, hisa zilikuwa zimehamishiwa kwa watoto na ndugu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Thailand iliamua kwamba mmiliki halisi alibaki kuwa yeye, ikataifisha zaidi ya bahti bilioni 46 kati ya takriban bilioni 76 zilizokuwa zimezuiwa, na mwaka 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa suala la mkopo huo akiwa uhamishoni.

Wanafunzi hukimbilia kwenye hukumu. Mimi huwarudisha nyuma, kwenye sera yenyewe. Wakati huo nchi za Magharibi ziliiwekea Myanmar vikwazo, na Thailand ilikuwa na hoja zake nzito za kutowafuata: mpaka mrefu, wakimbizi waliokuwa wanavuka, gesi iliyokuwa inanunuliwa kutoka upande wa pili. Afisa wa Bangkok angeweza kuzitetea hoja hizo popote duniani bila haya. Habari za mkopo zilipojulikana, hoja zilezile zikaanza kusikika kama kisingizio, na yule afisa, ambaye hakuwa na hisa hata moja, akapoteza imani ya wasikilizaji wake. Hasara hiyo haikuandikwa katika hukumu yoyote, na mimi naiona kubwa kuliko riba iliyopotea.

Marekani ina kizuizi cha zamani zaidi. Katiba yake inakataza mwenye madaraka kupokea zawadi au malipo kutoka kwa mfalme au dola ya kigeni bila idhini ya Bunge. Jimmy Carter, alipoingia madarakani mwaka 1977, alimkabidhi biashara yake ya karanga mdhamini, yaani mtu wa kuisimamia bila yeye kuingilia. Donald Trump, alipoapishwa mwaka 2017, aliwaachia wanawe uendeshaji akabaki na umiliki, na mwenyewe alikuwa amekiri mwaka 2015, kabla ya uchaguzi, kwamba kuhusu Uturuki ana mgongano mdogo wa maslahi kwa sababu ya majengo yenye jina lake jijini Istanbul. Taarifa ya wajumbe wa chama cha Democratic katika Bunge, iliyotolewa Januari 2024, ilihesabu angalau dola milioni 7.8 zilizotoka kwa serikali 20 za kigeni kwenda kwenye biashara zake, hoteli yake ya Washington ikiwemo, katika muhula huo wa kwanza. Kesi zilizofunguliwa hazikufika popote: Januari 2021 Mahakama ya Juu iliziondoa zilizobaki kwa kuwa mshtakiwa alishatoka madarakani. Kwa hiyo swali la kama balozi anayelipia chumba katika hoteli ya rais anatoa zawadi au ananunua usingizi halijapata jibu la mahakama hiyo. Hata njia ya Carter isingesaidia sana hapo, kwa kuwa mdhamini anaweza kuficha hisa lakini hawezi kuficha jina lililoandikwa juu ya ghorofa.

Jirani zetu walilipa gharama kubwa zaidi ya hiyo. Vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1998 viliingiza majeshi ya nchi kadhaa, kila moja ikieleza sababu zake za kiusalama. Oktoba 2002 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilieleza mitandao ya wanasiasa, maafisa wa jeshi na wafanyabiashara iliyokuwa ikinufaika na madini na misitu ya Kongo. Kuhusu mtandao wa Wakongo na Wazimbabwe, jopo lilisema kwamba mali ya umma yenye thamani ya angalau dola bilioni 5 ilihamishiwa kwenye kampuni binafsi katika miaka mitatu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu ya Desemba 2005 dhidi ya Uganda, ilikuwa na tahadhari zaidi: haikuona ushahidi wa kutosha kwamba kupora rasilimali ilikuwa sera ya serikali, lakini iliibebesha Uganda jukumu la uporaji uliofanywa na askari wake. Mwaka 2022 fidia ikapangwa kuwa dola milioni 325, kati yake milioni 60 kwa ajili ya maliasili. Kwa msuluhishi, tatizo la vita vya namna hiyo liko wazi: jenerali akiwa na ubia kwenye mgodi, ratiba ya kuondoa majeshi ni pia ratiba ya kufunga biashara.

Mara nyingine shaka pekee inatosha kuharibu. Mapema mwaka 2020 Kenya ilipokamata maziwa ya Uganda, Kampala ililalamika rasmi, na wengi wakakumbusha kwamba familia ya Rais Uhuru Kenyatta ilikuwa na hisa katika Brookside, kampuni ya maziwa ya Kenya. Hata hivyo kampuni hiyohiyo ilikuwa imenunua kiwanda cha maziwa nchini Uganda mwaka 2015, hivyo mtu asingeweza kusema kwa uhakika maslahi yalikuwa yanavuta upande upi. Sina ushahidi kwamba rais aliagiza lolote. Ila mgogoro wa vibali na taratibu za forodha, ambao maofisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wangeumaliza, uligeuka kuwa mjadala wa mali za familia.

Sisi tumewahi kuishi upande mwingine kabisa. Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), koloni lake ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Ilikuwa hasara kubwa, lakini ilikuwa ya hazina ya taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Lengo lilikuwa kuzuia unyonyaji nyumbani. Faida ya kidiplomasia ilikuja yenyewe, kwani mtu wa nje hakuwa na mahali pa kumbana kiongozi. Nisiipambe historia: Mwalimu Nyerere alipoisuluhisha Burundi kuanzia mwaka 1996, watawala wa Bujumbura walimshutumu kwa upendeleo ingawa hakuna aliyeweza kumtajia biashara yake huko. Basi angekuwa nayo ingekuwaje?

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti hayo, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995, inayosimamiwa na Sekretarieti ya Maadili. Kila mwisho wa mwaka kiongozi anajaza tamko la rasilimali na madeni, lake mwenyewe, la mwenzi wake, na la watoto walio chini ya umri ambao hawajaoa au kuolewa. Mtoto wa miaka 30 hayumo. Kaka hayumo. Ukikumbuka hisa za Thailand zilikuwa kwa majina ya nani, utaona pengo lilipo.

Pengo hilo lina uzito kwa sababu mikataba ya nchi huridhiwa hapahapa Dodoma, chini ya ibara ya 63(3)(e) ya Katiba, kama Watanzania wengi walivyoshuhudia Juni 2023 Bunge liliporidhia mkataba wa bandari na Dubai. Mbunge mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa anapaswa kuyatamka kabla ya kuchangia. Tamko la namna hiyo hutazama jambo lililo mezani siku hiyo, wakati leseni ya shemeji yake huko ng'ambo inaweza kutegemea jambo lingine kabisa. Ningependa fomu ya tamko iulize maswali mawili zaidi: mali iko katika nchi gani, na kibali chake kinatolewa na nani, na maswali hayo yawahusu pia ndugu wa karibu walio watu wazima. Wenzangu kadhaa wananipinga, wakisema kwamba masharti hayo yatawafukuza wafanyabiashara kwenye siasa na kuingilia faragha ya watu ambao hawakuomba uongozi. Hoja ya faragha naiheshimu, na ndiyo maana ningeridhika majibu yabaki kwa Kamishna wa Maadili na kwa kiongozi wa ujumbe wa majadiliano, bila kutangazwa. Hoja ya kwanza hainishawishi, maana katibu wa tatu wa ubalozi ameishi na katazo kali kuliko hilo tangu mwaka 1961, na wanaoomba kazi yake hawajapungua.