Surua nyumbani: kwa nini mtoto wa pili huzidiwa

Mtoto wa kwanza huipata surua shuleni au sokoni. Siku kumi hivi baadaye homa inampanda mdogo wake anayelala naye kitanda kimoja, na mara nyingi huyu wa pili ndiye anayezidiwa. Tafiti za Peter Aaby na wenzake nchini Guinea-Bissau, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, zilionyesha kwamba watoto walioambukizwa na mtu wa nyumbani walikufa zaidi kuliko wale walioileta surua ndani. Wa kwanza huenda alipishana tu na mgonjwa. Wa pili amevuta hewa ya ndugu yake mgonjwa usiku kucha.

Mwili usioijua surua huhitaji siku kadhaa kuandaa kinga. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, kila mzunguko wa kuzaliana unazidisha virusi mara 10. Aliyevuta virusi 1,000 yuko mizunguko miwili mbele ya aliyevuta 10, ilhali kinga za wote wawili zinaamka karibu wakati mmoja. Si wingi wa virusi pekee unaoamua: umri mdogo, utapiamlo na upungufu wa vitamini A huongeza hatari hata virusi vikiwa vichache.

Kwa hiyo ule mtindo wa kuwalaza watoto pamoja makusudi, "waugue wote yaishe", ni hatari kabisa.

Mgonjwa huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea hadi siku 4 baada ya kutokea, hivyo ukiviona, ndugu zake wameshavuta kiasi. Mtenge hata hivyo, kila usiku unaopungua una faida. Julai, baridi ya Arusha na ya migombani juu ya Moshi hutufanya tufunge kila kitu. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, mtoto umfunike blanketi. Virusi hubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka, kwa hiyo kumhamishia sebuleni bila kupitisha hewa chumbani hakutoshi. Amhudumie aliyechanjwa au aliyewahi kuugua surua.

Mpeleke kituo cha afya apewe vitamini A, dozi moja kwa siku, siku 2 mfululizo. Akipumua haraka, akishindwa kunywa, akipata degedege au jicho likiingia ukungu, usingoje asubuhi.

Watoto wa jirani ambao hawajachanjwa wapelekwe mapema: chanjo ndani ya saa 72 tangu wakutane na mgonjwa bado inaweza kuwakinga. Ratiba ya kawaida ni miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo wengi huisahau.