Namba za vichwa vya sura: dhana potofu na ukweli wake

Karibu kila anayeniletea tasnifu au ripoti ninyooshe mpangilio wake huanza kwa sentensi ileile: namba amezitoa kwenye kompyuta, hakuziandika kwa mkono, lakini zinajivuruga zenyewe. Nikifungua faili, baada ya 2.3 inafuata 2.1, sura ya nne inajiita ya kwanza, na mwenye kazi ameshakata shauri kwamba Word ina hitilafu. Programu haina hitilafu. Imetii kila agizo iliyopewa, ila maagizo yenyewe yalikuwa mengi na yanapingana.

Dhana inayonichosha kuliko zote ni kwamba kuchagua kichwa na kubofya kitufe cha namba ndiko kuweka namba za kujiendesha. Kitufe kile kinafaa orodha za kawaida ndani ya matini, kama vile hatua za kufuata katika jaribio, na namba inayotokana nacho hubandikwa kwenye aya uliyoichagua tu. Ukirudia kitendo hicho kichwa baada ya kichwa, kisha ukanakili vichwa vingine kutoka faili la mwenzako, waraka waweza kuishia na orodha kadhaa zinazofanana kwa umbo, kila moja ikihesabu kivyake. Wewe unaona mfululizo mmoja, lakini programu inaona mifululizo mitano. Kuamuru hesabu iendelee kwa kubofya kulia kunaziba tundu hilo moja, na siku utakapohamisha sehemu kutoka sura hii kwenda ile, kazi yote inaanza upya.

Namba ya kichwa inapaswa kuwa sifa ya mtindo, yaani ule mpangilio wenye jina ambao aya hupewa kwa mkupuo mmoja, kama ulivyo ukubwa wa herufi zake. Vichwa vya sura vipewe mtindo wa Kichwa 1, vya sehemu Kichwa 2, vya vijisehemu Kichwa 3. Baada ya hapo, weka kishale kwenye kichwa cha sura ya kwanza, fungua kidirisha cha kuunda orodha ya ngazi nyingi, bofya kitufe kinachoonyesha mipangilio zaidi, kisha unganisha kila ngazi na mtindo wake. Word ina ngazi 9, nami huunganisha zote hata kama waraka unatumia tatu tu, kwa kuwa mwandishi huyohuyo aliyeapa kwamba hatahitaji ngazi ya nne hurudi baada ya mwezi akiwa nayo. Kazi hii hufanywa mara moja, katika kidirisha kimoja, na baada yake kitufe cha namba kisiguswe tena kwa ajili ya vichwa.

Humo ndani ndimo kosa la pili linapozaliwa. Mtu anapotaka 3.1 huandika tarakimu 3 kwa kibodi katika kisanduku cha muundo wa namba, na matokeo yake sehemu za sura ya nne nazo zinaitwa 3.1 na 3.2. Namba ya ngazi ya juu huingizwa kwa kuichagua kwenye orodha ya ngazi zilizotangulia. Iliyoingizwa hivyo huonekana na kivuli cha kijivu, na iliyoandikwa kwa mkono haina kivuli. Maneno "Sura ya" unaweza kuyaandika mwenyewe mbele ya namba ya ngazi ya kwanza, wala hayataifuata namba hiyo kwenye ngazi ya pili.

Wapo wanaoamini kwamba sura zikiwa na namba za Kirumi, sehemu zitalazimika kuitwa III.1. Si kweli: katika ngazi ya pili kuna kisanduku cha kutia tiki kinachogeuza namba zote za ngazi hiyo kuwa tarakimu za kawaida. Wengine huikwepa mitindo ya vichwa kwa kuogopa rangi ya buluu inayokuja nayo, kana kwamba rangi ya mtindo haibadilishwi.

Kuhusu Shukrani na Ikisiri, usiifute namba kwa mkono. Unda mtindo mpya unaotokana na Kichwa 1, usio na namba.

Anayetumia LibreOffice Writer, programu nyingine ya kuandikia, asitafute hatua hizi mahali palepale, kwani humo namba za vichwa zina kidirisha chake katika menyu ya Zana, chenye ngazi 10.

Wengi pia hudhani kwamba namba zikirekebishwa, Yaliyomo na rejea za ndani hujirekebisha papo hapo. Katika Word hizo husubiri kuamriwa: chagua waraka wote kwa Ctrl na A, kisha bonyeza F9, na ukumbuke kwamba uteuzi huo hauzifikii rejea zilizo kwenye tanbihi. Na kama "tazama sehemu ya 4.2" uliiandika kwa vidole vyako, hakuna kitufe cha kuirekebisha.

Viambatisho navyo havihitaji faili la pekee. Mimi huvipa Kichwa 7 katika orodha ileile, ngazi ya saba ikiandikwa "Kiambatisho" na herufi kubwa, kisha katika mipangilio ya Yaliyomo naagiza Kichwa 7 kionyeshwe kama ngazi ya kwanza, maana Yaliyomo ya kawaida huishia ngazi ya tatu.