Kiti cha mwalimu ndani ya darubini inayoruka

Watu wakisikia kwamba NASA ilikuwa ikiwapandisha walimu wa sayansi kwenye ndege ya kuchunguza nyota, wengi hudhani ilikuwa zawadi: safari, picha, kisha mwalimu anarudi darasani na la kusimulia. Nimefanya kazi ya falaki ya infraredi kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya pamoja na walimu. Nataka kueleza kwa nini naona kiti kile kilikuwa miongoni mwa nafasi bora kabisa za mafunzo ambazo mwalimu wa fizikia amewahi kupewa.

Kwanza, kwa nini darubini ipande ndege? Nyota changa huzaliwa ndani ya mawingu mazito ya gesi na vumbi. Mwanga tunaouona kwa macho hauwezi kupenya vumbi hilo, lakini miale ya infraredi, ambayo mawimbi yake ni marefu zaidi, hupenya. Tena vumbi lenyewe, hata likiwa na baridi kali, hutoa infraredi. Kizuizi kiko juu ya vichwa vyetu: mvuke wa maji ulio hewani hufyonza sehemu kubwa ya miale hiyo kabla haijafika ardhini. Bahati nzuri mvuke huo umelala karibu wote katika tabaka la chini la angahewa. Ukifika kilomita 12 au 13, asilimia 99 yake imebaki chini yako. Chombo cha angani hufika mbali zaidi, lakini kikisharushwa ni nadra sana mkono wa mtu kukigusa tena. Ndege hurudi alfajiri, kifaa kinafunguliwa, kinarekebishwa au kubadilishwa, halafu inaruka tena. Na ndani yake kuna nafasi ya watu kukaa.

Kuiper Airborne Observatory ya NASA, iliyopewa jina la mwanafalaki Gerard Kuiper, ilikuwa ndege ya mizigo aina ya C-141 yenye darubini ya kioo cha sentimita 91. Ilihudumu kutoka Moffett Field, California, tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi 1995, na katika miaka yake ya mwisho walimu walianza kupandishwa kwa utaratibu maalumu kupitia mpango wa FOSTER. Mrithi wake, SOFIA, ilikuwa Boeing 747SP iliyotobolewa mlango mkubwa ubavuni, ikabeba darubini ya tani 17 iliyojengwa Ujerumani, yenye kioo cha mita 2.7. NASA ilibeba asilimia 80 ya gharama na DLR, shirika la anga la Ujerumani, asilimia 20. Humo mpango wa walimu ukaitwa Airborne Astronomy Ambassadors, chini ya SETI Institute, taasisi ya utafiti ya Marekani, na Ujerumani nayo ikawapandisha walimu wake.

Jambo la kwanza linalomshangaza mwalimu ni ramani ya safari. Darubini ya SOFIA ilitazama upande wa kushoto tu, na iliweza kuinuliwa kati ya nyuzi 20 na 60 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa hiyo aliyeelekeza darubini, kwa kiasi kikubwa, alikuwa rubani. Ukitaka kutazama wingu fulani la gesi kwa saa moja na nusu, ndege nzima lazima ielekee upande unaoliweka wingu hilo mkono wa kushoto, na kadiri Dunia inavyozunguka, njia inapinda. Baada ya hapo unageuka kwa ajili ya nyota nyingine. Ukipanga vipande vyote kwa takriban saa 10, lazima kipande cha mwisho kikurudishe nyumbani. Nimewaona walimu wa hisabati wakiishika ramani hiyo kama dhahabu. Somo zima la pembe, mwelekeo, muda na mzunguko wa Dunia limo ndani ya mistari ile iliyokunjamana, na mwanafunzi anaweza kupewa orodha ya nyota tatu na kuambiwa: panga safari, halafu uirudishe ndege uwanjani.

Jambo la pili ni zito zaidi, na ndilo ninalolithamini kuliko yote. Kila kitu chenye joto hutoa infraredi. Kioo cha darubini kinatoa, hewa iliyobaki juu ya ndege inatoa, na vyote viwili vinang'aa mara maelfu kuliko chanzo hafifu unachokitafuta. Ni kama kutaka kujua uzito wa inzi aliyetua juu ya gunia la mahindi lililo kwenye mizani. Ufumbuzi wake ni mzuri mno: kioo kidogo cha pili cha darubini hutikiswa mara kadhaa kwa sekunde, kikitazama nyota, kisha anga tupu ya jirani, kisha nyota tena. Unatoa hesabu ya anga tupu kwenye hesabu ya nyota, na kinachobaki ndicho chako. Lakini bado hujamaliza, kwa sababu kioo kikiinama upande huu na ule, joto la darubini lenyewe halionekani sawasawa; basi darubini nzima nayo husogezwa, na unatoa tena. Vipokezi navyo hupozwa kwa heliamu ya kimiminika ili visijipofushe kwa joto lao wenyewe.

Mwalimu aliyekaa karibu na watu wanaofanya kazi hii usiku kucha haelezi tena kipimo cha kisayansi kwa namna ileile. Vitabu vingi vya shule huonyesha kipimo kama namba inayosomwa kwenye kifaa. Ndani ya ndege, kwenye vipokea sauti ambavyo kila mtu huvaa kwa sababu ya kelele, mwalimu husikia mabishano: je, ule mstari kwenye spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake, ni wa kwetu au ni wa hewa? Tupunguze muda wa chanzo hiki tuokoe kinachofuata? Rubani anauliza, opereta wa darubini anajibu, mtaalamu wa kifaa anaomba dakika mbili zaidi, na kiongozi wa safari anazikataa kwa kuwa kona inayofuata haisubiri. Kwenye darubini nyingi za ardhini siku hizi mtafiti hutuma ombi lake na kupokea data baadaye, akiwa ofisini kwake. Ndani ya ndege kazi zote zilikuwa kwenye kebini moja, na aliyekuwa na masikio alizisikia zikiungana.

Mfano ninaopenda kuwapa walimu ni wa Machi 10, 1977, ingawa siku hiyo hakukuwa na mwalimu ndani. Kuiper Airborne Observatory ilikuwa juu ya Bahari ya Hindi ikisubiri sayari ya Uranus ipite mbele ya nyota, ili James Elliot na wenzake wapime sayari hiyo na angahewa yake. Kwa kuwa hawakuwa na hakika kamili ya saa, walianza kurekodi mapema. Mwanga wa nyota ukafifia ghafla, ukarudi. Ukafifia tena, kabla sayari haijafika. Baada ya sayari kupita, ikawa vilevile upande wa pili. Maana yake haikujulikana palepale. Ni walipoweka rekodi za pande mbili sambamba ndipo ulinganifu ulipoonekana, na ikajulikana kwamba Uranus ina pete, ndizo zilizoziba mwanga ule.

Mfano wa pili ni maji ya Mwezini. SOFIA iliutazama Mwezi Agosti 2018 katika safari iliyokuwa ya majaribio zaidi, kuona kama inawezekana kuufuatilia. Mng'ao kwenye urefu wa wimbi wa maikromita 6.1, ambao ni alama ya molekuli ya maji yenyewe, ulionekana karibu na Clavius, kreta (shimo kubwa) ya Mwezini, mahali panapopigwa na jua. Tangazo lilitoka Oktoba 2020. Miaka miwili ya kuhakiki! Mwanafunzi anayedhani ugunduzi ni suala la alasiri moja anahitaji kuisikia miaka hiyo miwili kutoka kwa mtu aliyewaona wahakiki wakifanya kazi yao.

Usafiri wenyewe ulikuwa sehemu ndogo ya mpango. Mwalimu alisomeshwa kwanza fizikia ya miale, akafunzwa usalama wa ndege na namna ya kutoka kukitokea dharura, ndipo akaruka. Kurudi darasani ndiko kulikoamua kila kitu. Katika awamu za mwanzo za SOFIA walimu walichaguliwa wawili wawili, na naliona hilo kuwa la busara sana: mmoja akirudi peke yake, ratiba ya shule humeza shauku yake ndani ya muhula mmoja, lakini wawili hukumbushana na kusahihishana. Somo linaloleta matunda mara nyingi halihitaji ndege. Prizimu, yaani kipande cha kioo kinachotenganisha mwanga kuwa rangi zake, na vipimajoto vichache vinatosha kurudia jaribio la William Herschel la mwaka 1800, la kugundua joto nje ya rangi nyekundu, pale ambapo jicho halioni kitu. Mwalimu aliyeona infraredi ikitumiwa kilomita 13 juu hulifundisha jaribio hilo kwa uhakika mwingine, na wanafunzi huuhisi.

SOFIA iliacha kuruka kwa utafiti mwishoni mwa Septemba 2022, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Pima, Tucson, Arizona. Ilikuwa ikigharimu takriban dola milioni 85 kwa mwaka, na hoja kuu dhidi yake ilikuwa kwamba matokeo ya kisayansi hayakulingana na gharama hiyo. Naielewa hoja, ingawa hesabu ya namna hiyo haina safu ya kuandika walimu.

Kwa wenzangu wanaoendesha vituo vya ardhini au maputo ya utafiti: msiwaite walimu kuja kutembezwa mchana. Waiteni usiku wa kazi, wawili kwa pamoja, muwape vipokea sauti, na mkiondoka muwaachie data halisi yenye kasoro zake. Na malipo ya walimu watakaoshika vipindi vyao shuleni yaandikwe kwenye bajeti tangu ombi la kwanza la fedha, kama mnavyoandika heliamu.