Pepopunda haitoki kwenye kutu
Hapa Goma mtu akichomwa na msumari, swali la kwanza ni: ulikuwa na kutu? Kama ni mpya, anafunga kitambaa na kurudi kazini. Hilo linanitia hofu. Vijidudu vya pepopunda, yaani tetanosi, hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama. Jiwe la volkano au ubao wenye matope wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, unaweza kuviingiza vilevile, hasa kwenye kidonda chenye kina kisichofikiwa na hewa. Osha mara moja kwa maji safi mengi na sabuni, usipake majivu, kisha nenda kituo cha afya. Kidonda kikiwa kichafu na chanjo ya mwisho imepita miaka 5, utahitaji nyingine. Usingoje taya zikaze: dalili huweza kuchelewa hata wiki 3.