Lakrosi ya ndani haikuanza kwa kukimbia baridi

Lakrosi ni mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu. Wengi wanaoitazama NLL, ligi ya kulipwa ya lakrosi ya ndani ya Marekani na Kanada, hudhani ni lakrosi ya uwanja wa nyasi iliyoingizwa ukumbini kwa sababu ya baridi. Sivyo. Mchezo huu wa ndani ulizaliwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1930, tena kwa ajili ya kiangazi: kumbi za hoki ya barafuni zilikaa bure msimu huo, na wenye kumbi walitaka watazamaji. Ligi yenyewe ilikuja baadaye sana, ikaanza kuchezwa 1987 kwa timu 4.

Sheria zake ni nyingine kabisa. Kila timu ina wachezaji 6 pamoja na kipa, si 10 kama nje, na ina sekunde 30 tu za kupiga golini. Mpira ukigonga ukuta, mchezo unaendelea. Goli lina kimo cha mita 1.2 hivi, wakati la nje ni 1.8, na kipa aliyevaa mapedi mazito karibu analiziba lote. Kwa hiyo mfungaji humhadaa kwanza, anajifanya anapiga juu, kisha anauchomeka chini kando ya goti. Ustadi huo unastahili heshima yake.